Seti za briza za difu na giaboksi: angalia mpira kwanza, urembo baadaye

Nilifungua nati ya chini ya difu ya nyuma (lile boksi la gia katikati ya ekseli) asubuhi, gari limelala usiku kucha, na kilichotangulia kudondoka kwenye beseni hakikuwa oili. Yalikuwa maji, matone kadhaa masafi kabisa, halafu ndo ikafuata oili yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Na briza ndefu, yaani mpira wa kupumulia difu, nilikuwa nimefunga jamani! Seti nzima, bloku ya alumini nyekundu ya kukusanyia mipira inang'aa chini ya boneti mpaka watu wanauliza hii ni ya nini.

Kumbe mpira ulishachomoka kule kwenye difu, sijui siku gani. Fundi aliukata gari likiwa limesimama chini, ukakaa umenyooka vizuri, unapendeza macho, siku tairi la nyuma lilipobaki hewani kwenye shimo ekseli ikashuka ikaunyofoa. Nikaingia mtoni na tundu wazi juu ya difu, bora hata ningebaki na ile kofia ya briza ya kiwandani. Na fundi simlaumu sana maana mpira uliokuja kwenye seti ulikuwa mfupi, angeuacha ulegee usingefika juu.

Kwa wageni wa mambo haya: difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, inatokea kwenye briza. Ukiingia maji ya baridi hiyo hewa inasinyaa ghafla na difu inaanza kuvuta. Valvu nyingi za kiwandani zinatoa hewa tu, haziingizi, na zikijaa tope hata kutoa hazitoi, kwa hiyo difu inavuta kupitia sili za ekseli, ambazo midomo yake imetengenezwa kuzuia oili isitoke, sio kupigana na maji. Briza ndefu inapandisha mdomo wa kupumulia juu chini ya boneti. Ndo hivyo tu, hakuna uchawi.

Sasa watu wakinunua wanaulizana bloku ina matundu mangapi, rangi gani, chujio la aina gani. Mimi siulizi tena. Nauliza mpira una mita ngapi, ni mpira wa aina gani na unashikiliwa na nini kule chini kwenye ekseli, kwa sababu mambo yote yanaharibikia hapo.

Namba moja kwangu ni ARB na sijifichi, nawapenda. Ni Waaustralia, wako kwenye vitu vya porini tangu 1975, na bloku yao moja inachukua mipira minne, yaani difu zote mbili, giaboksi na transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma). Nilipoifunga baada ya ule msiba mpira ulitosha na nikaacha mkunjo mzuri juu ya ekseli. Lakini hata hiyo ukiikata vibaya itakutoa machozi vilevile.

Namba mbili, jitengenezee. Mpira wa petroli wa milimita 8 (ule mzito usiojali oili wala joto), nipo (viungo vya kuchomekea mpira) za shaba zenye meno, klipu za chuma, na chujio dogo la petroli kule mwisho. Haina sura ila inafanya kazi, na mpira unanunua mrefu unavyotaka, na kwa kweli kama nisingekuwa na mapenzi yangu na ARB hii ndo ingekuwa namba moja.

Zile za bei ya chini zenye bomba la plastiki linaloonyesha ndani: linakakamaa kama makaroni mabichi halafu linapasuka. Tuendelee.

Ukishanunua, inua chasisi kwa jeki uweke stendi, ekseli ining'inie mpaka mwisho wake, usukani uukate kulia na kushoto, ndo upime, ndo ukate. Mpira upande juu moja kwa moja, usiache tumbo katikati maana unyevu utajikusanya pale uwe kizibo. Kaa mbali na eksozi. Zile kamba za plastiki za kubania usizikaze mpaka mpira ukasinyaa. Kabla ya kuunganisha kule chini puliza kwa mdomo usikie hewa inapita. Na giaboksi ya otomatiki usiisahau, maji yakiingia mule yanabandua bitana za sahani za klachi, gharama yake utaitamani ya difu.

Ila wauzaji, jamani. Mmoja kaandika "seti kamili", nafungua boksi hakuna kiungo hata kimoja cha giaboksi. Namuuliza uzi wa nipo ni saizi gani ananijibu "inaingia gari zote". Hakuna uzi unaoingia gari zote! Chomoa briza yako ya zamani, pima, nenda nayo mkononi. Yule aliyeniuzia ile nyekundu nilimrudia nikamwomba mpira tu, mita mbili, nilipe, akasema mpira peke yake hauzi, ninunue seti nyingine. Ile bloku ninayo bado, imekaa kwenye sanduku la spana, inang'aa vilevile.