Keki ya boksi na jeli: nimeijaribu mara tatu hapa Arusha

Jamani mi ni mtu wa kupima unga mwenyewe, keki za boksi nilikuwa napita tu dukani naziangalia, ila mwezi uliopita mtoto wa shemeji yangu kule Moshi alikuwa na kipaimara nikaambiwa dada njoo na kitu cha baridi, cha kula na kijiko. Basi nikaingia duka moja la vifaa vya keki hapa mjini nikachukua boksi la vanila lile la kutoka Marekani, 15,000, na pakiti ya jeli ya stroberi.

Mara ya kwanza nilifuata maelezo kama yalivyo, mayai 3, mafuta nusu kikombe, maji kikombe kimoja. Ikapanda mpaka nikamuita mume wangu aje aone, baada ya muda kidogo katikati ikazama ikawa kama bakuli. Kumbe pembeni ya boksi kwa maandishi madogo kabisa wameandika ukiwa futi 3,500 kwenda juu ongeza unga na maji kidogo. Sasa Arusha tuko kama mita 1,400, yani zaidi ya futi 4,500, hewa ya huku nyepesi kwaiyo gesi ndani ya keki inatanuka haraka kabla keki yenyewe haijashika, ndo inapanda kwa fujo halafu inaanguka. Mara ya pili nikaongeza unga wa ngano vijiko viwili vya chakula na maji vijiko viwili, ikatoka imetulia kabisa.

Ikishapoa chukua njiti ya mishkaki utoboe keki yote, matundu yakaribiane, usiogope kufika chini. Jeli ikoroge kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka mpaka usisikie chembe chini ya kijiko, weka nusu kikombe cha maji baridi, halafu mwagia kijiko kwa kijiko. Utaona nyekundu inasimama kidogo juu ya tundu, inatetemeka, halafu inazama yenyewe. Friji masaa manne, ikilala usiku kucha ni bora zaidi, krimu ya kupiga unapaka asubuhi.

Na hapa ndo boksi lilinishinda nikakubali. Keki yangu ya siagi ukiiweka kwenye friji inakuwa ngumu kwa sababu siagi ikipata baridi inaganda, hii ya boksi inatumia mafuta ya maji, hayagandi kwenye friji, ukikata iko laini vilevile. Kwa keki ya baridi sioni sababu ya kuhangaika na kitu kingine.

Kitu kimoja niwaambie, msiweke nanasi bichi kwenye jeli!! Mara ya pili hiyohiyo nilichanganya vipande vya nanasi nimetoka nayo sokoni, nikasubiri mpaka usiku, maji matupu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokula jelatini, ile inayofanya jeli ishike, papai bichi nalo hivohivo. Mara ya tatu nikalichemsha kwanza na sukari, jeli ikashika vizuri kabisa, na la kopo pia halina shida maana limeshapikwa. Ndugu zangu Waislamu mnunue jeli yenye alama ya halali, jelatini nyingine zinatoka kwa nguruwe.

Lililoniudhi ni dukani. Boksi la pili nililonunua walikuwa wamebandika stika ya bei juu ya tarehe ya kuisha, nikaibandua palepale mlangoni, lilikuwa limebakiza wiki moja! Wakanibadilishia bila maneno, ila bandueni kwanza ndo mlipe, tafadhali.

Kwa keki ya kunywea chai sitalinunua, kwa 15,000 napata unga, mayai na siagi za keki kubwa kuliko hiyo na ladha yake naijua. Kwa baridi ntanunua tena. Ile ya kipaimara niliipakia kwenye kulboksi na barafu, kilomita themanini mpaka Moshi kwenye Noah, ikafika haijavuja hata tone. Mama mkwe, ambaye meno yamebaki machache na keki za sherehe huwa anaomba afungiwe apelekewe wajukuu, alikula kipande chake chote palepale akasogeza sahani, "mwanangu, hii naiweza, niongezee."