Mtihani wa wakala wa bima: usome peke yako au uingie darasani?

Nchini Kenya, IRA, mamlaka inayosimamia bima, haikupi leseni ya uwakala wa bima bila cheti cha umahiri, kile ambacho wengi hukiita COP. Basi usomee wapi?

Nyumbani ni nafuu na ratiba ni yako. Tofauti ya wakala na dalali unaimaliza ukiwa ndani ya matatu. Shida huanzia kwenye kanuni: ukizikariri tu, swali likigeuzwa kidogo unapotea. Gari la shilingi 800,000 limekatiwa bima ya 1,000,000, likaibwa. Mwenyewe alipwe ngapi? Aliyekariri huandika milioni. Jibu haliwezi kuzidi 800,000, kwa sababu fidia humrudisha mtu pale alipokuwa, haimpi faida. (Bima ya maisha ni hadithi nyingine, roho haina bei ya soko.)

Darasani mwalimu hulimaliza hilo ubaoni kwa dakika tano, na mwenzako aliyewahi kushughulikia madai huuliza jambo ambalo hukulifikiria. Ila kuna karo, nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Mimi ningesoma mepesi nyumbani, nilipie darasa kwa ajili ya kanuni na Sheria ya Bima, Sura ya 487.