Mifuko ya Hewa Kwenye Hiace ya Kulala: Raha au Hela Imepotea?

Sikilizeni hizo sahani. Dogo, sogeza maiki kwenye kabati. Mmesikia? Hapo nimepita rasta, yale matuta madogo madogo ya mfululizo, rasta za kawaida tu za kuingilia kijijini, mwendo haujafika hata hamsini, na vyombo vyote vinaongea kwa pamoja. Na hili gari nyuma limefungwa mifuko ya hewa mipya, ile ya kusaidia springi, siyo ile ya kwenye usukani! Ile ile mnayoniulizia kila nikipandisha video: "Kaka, nikifunga mifuko ya hewa gari litakuwa laini?" Muuzaji yeye anasema ukishafunga unasafiri kama uko kwenye SGR. SGR gani, ndugu yangu? SGR ina rasta?

Haya, wadau, karibuni. Niko barabara ya Kondoa, Msalato tumeshaiacha nyuma, vumbi mnaliona, na leo nataka tulimalize hili suala la saspensheni kwenye gari la kulala.

Vipimo vya gari sisomi. Ni Hiace ya H200, ndefu, paa la juu, ndiyo hiyo hiyo inayopita mbele ya kwenu asubuhi imejaa abiria. Yangu badala ya viti ina kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji la lita 100 na betri mbili za sola. Na hapa ndipo stori inapoanzia, kwa sababu watu wanataka raha huku hawajui wamebeba nini. Maji lita 100 ni kilo 100. Betri ya asidi ya Ah 200 moja inakaribia kilo 60, na mimi ninazo mbili, zote ziko nyuma ya tairi za nyuma. Ongeza mbao za kabati, mtungi wa gesi, na mke wangu akiamua kupitia sokoni Kibaigwa, ongeza gunia la mahindi.

Sasa Hiace kwa nyuma ina springi za mabapa ya chuma, yamelazwa moja juu ya jingine, na ziliundwa kubeba karibu tani nzima. Gari likiwa tupu ni gumu, linakurusha. Likiwa na mzigo wa kudumu kama nyumba hii, linalainika kidogo lakini linakaa chini nyuma, taa zinamulika juu, na basi likikupita unahisi nyumba inataka kulala ubavu. Kwa hiyo kuna matatizo mawili tofauti hapa. Kuna ugumu, na kuna kuyumba. Watu wanayachanganya, na wauzaji wanafurahi sana mkiyachanganya.

Dogo, njoo huku chini. Lala tu, fulana itafuliwa. Ona hapa: kati ya chesisi, yaani fremu ya gari, na ekseli, yaani mhimili wa tairi, kuna huu mfuko mweusi wa mpira. Springi ya chuma haijaondolewa, ipo pale pale, mfuko unaisaidia tu. Kila upande una mpira wake mwembamba wa hewa, na vali mbili ziko hapa pembeni ya namba ya gari, unajaza kwa pampu ile ile ya tairi. Upande wa kulia una vali yake na wa kushoto yake. Fundi akikwambia atakuunganishia yote miwili kwenye vali moja ili upunguze gharama, mkatalie. Kwenye kona hewa inakimbia kutoka upande uliolemewa kwenda ule wa pili, na gari linalala zaidi kuliko hata kabla hujafunga.

Sasa jaribio. Nimeweka sufuria juu ya meza ya jikoni, maji robo tatu. Rasta zile zile, mwendo ule ule, arobaini. Kwanza ninajaza PSI 60, kwa sababu huo ndio upepo ambao wengi wanaambiwa wauweke "gari likae vizuri". Dogo, shika kamera kwa mikono miwili.

Haya, tunaingia... Mmeona? Maji yako sakafuni! Yako kwenye soksi zangu! Na huo mgongo wangu sijauongelea. Ni kwa nini? Kwa sababu umeongeza springi juu ya springi. Ukijaza upepo mwingi, nyuma ya gari inakuwa ngumu zaidi, mtikiso unapanda moja kwa moja mpaka kwenye kabati. Ndiyo maana hasira inanipanda mtu akiuziwa hiki kitu kama dawa ya ulaini. Mfuko ukiujaza hivi ni kigumu kilichovaa nguo ya mpira.

Tunashusha. PSI 30 kila upande. Maji nimeongeza, yamerudi robo tatu. Tunaingia... Afadhali. Yamecheza, yamemwagika kidogo pale kwenye ukingo, lakini sufuria haijahama. Sasa nashusha mpaka PSI 5. Chini ya hapo usiende, hata kama gari ni tupu, kwa sababu mfuko ukikosa hewa unajikunja na kujibana, unachanika. Tano. Tunaingia... Hapo sasa! Maji yametulia kuliko mara zote. Ila subirini, kuna basi linakuja, shikeni hapo... mmeona tulivyosukumwa? Nimeshika usukani kwa nguvu. Kwenye PSI 30 basi la aina hiyo hiyo lilitupita na nyumba ikatikisika mara moja tu, basi.

Kwa hiyo mimi na hii mifuko tumeanza kuelewana. Kwa ulaini hainisaidii. Kwa kuyumba inafanya kazi yake, tena kazi nzuri, na hii barabara ya Kondoa kwenda Babati ikiwa na upepo wa kiangazi unaelewa maana yake. Halafu kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia, nimekigundua jikoni. Tangi langu la maji liko kulia, kwa hiyo nikipaki gari linaegemea kulia na mayai yote yanahamia upande mmoja wa kikaango. Sasa ninaweka 35 kulia, 20 kushoto, kikaango kimenyooka. Kitanda kimenyooka. Mke wangu, ambaye huu mradi wote alikuwa anauita upuuzi, juzi ndiye aliyeniuliza kama nimeshajaza upepo wa kulia.

Tahadhari moja nisisahau. Ukipata pancha, kabla ya kupiga jeki, toa hewa kwenye mifuko. Ekseli ikining'inia, mfuko unavutwa kupita uwezo wake. Na kijana wa pancha mwambie ajaze taratibu, ule mfuko ni mdogo, kompresa kubwa inaupandisha kufumba na kufumbua. Kitu kingine: mifuko haikuongezei uzito unaoruhusiwa kubeba. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, tairi ni zile zile. Gari kukaa juu si ruhusa ya kupakia.

Haya, kama mfuko si wa ulaini, ulaini unatoka wapi? Twendeni gereji. Hapa ni kwa mzee wangu, ambaye jina lake hataki litajwe kwenye mitandao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniletea tena hiyo nyumba yako?"

"Nimekuletea, mzee. Watu wanataka kuona zile shokapu za zamani."

Mzee huyu, kabla sijafungua mdomo kuhusu mifuko, alilala chini, akapitisha kidole kwenye shokapu ya nyuma kikatoka na tope la mafuta na vumbi, akaniambia: "Mwanangu, hii imekufa. Unatafuta raha gani na shokapu iliyokufa?" Hebu oneni. Hii hapa ya zamani, nikiibonyeza kwa mkono inaingia bila ubishi, nikiiachia inabaki huko huko. Hii mpya nikiibonyeza inakataa, inaingia polepole, inarudi polepole. Tofauti yote ya safari iko hapo.

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi kitu, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo, na inafanya hivyo kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, mtikiso unageuka joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama ile njia ya kupanda kwenye michoro ya miambani ya Kolo, ukigusa shokapu inaunguza. Na ikichemka sana mafuta yanachanganyika na hewa, yanatoa povu, na kuanzia hapo hauna shokapu, una mapambo. Hiyo michoro, kwa njia, iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, na nashangaa watu wa Dodoma mjini wanaomaliza mwaka mzima bila kwenda. Video yake inakuja, naomba msiniulize lini.

Sasa shokapu gani? Nilizofunga ni Kayaba, za mafuta na gesi kidogo, za kawaida kabisa, nimenunua mahali wanapotoa risiti, kwa sababu za bandia ziko tele na boksi zake ni nzuri kuliko za halali. Bilstein wana zile za mrija mmoja zenye gesi ya naitrojeni ya presha kubwa, hizo zinahimili joto la mawimbi vizuri zaidi, ila kwenye lami ya taratibu utaziona ngumu kidogo, na bei yake ukae kwanza. Old Man Emu wa Australia nao wanasifiwa sana na wenye Land Cruiser. Na Ulaya huko, ambako magari nyumba mengi yanajengwa juu ya Fiat Ducato, mtu anang'oa springi zote za nyuma anaweka hewa tupu, kompyuta inalipanga gari lenyewe. Uholanzi kuna VB-Airsuspension wanafanya hiyo kazi. Tamu sana. Ni maelfu ya yuro, na ikigoma ukiwa kwenye bwawa la Mtera fundi wa kuitengeneza utamsubiri hapo hapo na mvuvi.

Ila hata kabla ya shokapu kuna kitu cha bure, na nakisema kwa uchungu. Upepo wa tairi. Hizi 195/80R15 ni tairi za mzigo, ukuta wake ni mgumu, na kijana wa pancha akiona Hiace anajaza 65 kote bila kuuliza, kwake Hiace ni daladala. Fungua mlango wa dereva, kuna karatasi imebandikwa kwenye nguzo, soma. Halafu peleka gari kwenye mizani likiwa na maji, gesi na familia ndani, pima mbele peke yake na nyuma peke yake, ujue uko wapi. Mimi mbele palikuwa pamejazwa kupita kiasi. Nilipopashusha mpaka kipimo cha karatasi, kelele za rasta kwa mbele zilipungua siku hiyo hiyo na sikutoa hata mia.

Kuna mtu ameandika kwenye video iliyopita kwamba fundi wake amekaza zile fito za mbele, zile za kujisokota zinazofanya kazi ya springi, gari likapanda na sasa "saspensheni imekuwa ngumu kama ya mashindano". Kaka, ile boliti inabadilisha kimo tu, fito haiwi ngumu wala laini. Ugumu unaousikia ni mkono wa tairi kukosa nafasi ya kushuka, unagonga mwisho wake kila ukivuka shimo. Rudisha kimo chake, halafu ukapige alaimenti, yaani kunyoosha tairi, la sivyo tairi zitaliwa upande.

Bei. Mifuko kule nje inaanzia kwenye dola mia tatu na kitu, halafu kuna usafiri, ushuru, na VAT asilimia 18, mpaka ikufikie Dodoma imeshakuwa hela ya kununua betri. Na hapo ndipo ninapopata ubishi na nafsi yangu. Ile hela ningebadilisha zile betri za asidi nikaweka za lithiamu, ningepunguza zaidi ya kilo sitini nyuma ya ekseli, na pengine hii mifuko nisingeihitaji kabisa. Lakini kile kikaango kilichonyooka... hapana, mifuko siitoi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, mwenye hela ya kuunga unga: upepo wa tairi leo, mizani wiki hii, bushi za springi, zile raba za kwenye maungio, zikaguliwe, shokapu nne kwa pamoja, usibadilishe mbili. Endesha mwezi mzima. Ukiona gari limetulia kwenye mashimo lakini basi likipita bado unashika usukani kwa nguvu, au nyuma imekaa chini, hapo mifuko ni halali yako. Ukiwa unalala kambini mara mbili kwa mwaka na mzigo wako ni godoro na jiko, weka hela mfukoni, au njoo mnada wa Msalato tule nyama.

Waliouliza kuhusu Kosta, sijaipima na siwezi kuwadanganya kwa kuangalia picha. Mwenye Kosta ya kulala hapa Dodoma aandike chini hapo, sufuria ninayo, rasta mnazijua zilipo. Mzee, kiasi gani leo? ... Mzee, hiyo ni bei ya mtandaoni!