Utando wa mpira kwa ngono ya mdomo: nimeutumia miezi mitano

Boksi la kwanza nililinunua baada ya kuugua kisonono cha koo. Mwenzangu ndiye aliyeanza kuona dalili: mkojo ulimchoma, akapimwa, akakutwa nacho. Nami nikaenda kituo kimoja cha afya. Wakachukua mkojo tu, majibu yakaja safi, nikarudi nyumbani moyo umetulia. Koo halikuniuma hata siku moja. Wiki ya pili nikiwa kituo kingine, muuguzi akaniuliza, "Dada, na koo umepimwa?" Akapitisha kijiti cha pamba nyuma ya koo, na huko ndiko kilikokuwa kimejificha.

Naanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifanya niutafute utando huu, na kwa sababu bado inaniuma kwamba sikuulizwa mapema. Kipimo cha mkojo hakisemi lolote kuhusu koo. Kisonono cha koo mara nyingi hakina dalili, tena ni kigumu kutibika kuliko cha sehemu za siri. Nilichomwa sindano ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili kuhakikisha kimekwisha. Nikarudi, kikawa kimekwisha.

Sasa utando wenyewe. Ni kipande chembamba cha mpira, changu kina sentimita 25 kwa 15, kila kimoja ndani ya pakiti yake kama kondomu. Asili yake ni kwa madaktari wa meno: Sanford Barnum alianza kuutumia mwaka 1864 ili jino linalotibiwa likae kavu. Kitandani unatandazwa juu ya uke au njia ya haja kubwa, na mdomo unabaki upande wa pili. Kwa uume hauna kazi. Hapo ni kondomu, na zile zenye ladha zimetengenezwa kwa ajili hiyo hasa.

Siku ya kwanza ilikuwa shida. Harufu ya mpira ilitupiga puani, na utando ukawa unateleza na kujikunja pembeni. Kilichotusaidia ni tone la kilainishi cha maji upande unaogusa mwili. Unashika vizuri zaidi, na mwenzako anahisi zaidi. Mafuta ya kupaka, vaselini au losheni usithubutu, yanaulegeza mpira mpaka unachanika. Jambo la pili ni pande mbili. Utando ukianguka, ukauokota na kuugeuza, umehamisha kila kitu mpaka mdomoni, kinga imekwisha. Siku hizi naweka alama ndogo ya kalamu kwenye kona ya upande wangu kabla hatujaanza. Tukitoka ukeni kwenda nyuma, au kinyume chake, tunafungua mpya. Na ukishatumika unatupwa, haufuliwi.

Kuhusu raha nitasema kweli: inapungua, ila si kwa kiasi nilichokiogopa. Joto linapita. Ulimi unahisika. Baada ya wiki tatu hivi tulikuwa tumeuzoea, na mimi nikawa na utulivu ambao sikuwa nao tangu ule ugonjwa.

Utando una mipaka yake. Unakinga pale ulipofunika tu. Kidonda cha kaswende hakiumi, kinaweza kukaa mdomoni au pembeni ya sehemu za siri bila mtu kujua, na ngozi iliyobaki wazi inaweza kuambukizwa. Vivyo hivyo malengelenge ya sehemu za siri (hepesi) na virusi vya HPV, ambavyo baadhi ya aina zake husababisha saratani ya koo miaka mingi baadaye. Kwa HPV ipo chanjo, inayofanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla mtu hajaanza ngono. VVU kwa njia ya mdomo hatari yake ni ndogo sana. Ila homa ya midomo ni kirusi kilekile kinachoweza kuleta malengelenge chini, kwa hiyo mmoja wetu akitokewa na vipele mdomoni tunaacha kabisa mpaka vipone, utando uwepo usiwepo. Pia sipigi mswaki muda mfupi kabla ya tendo, maana fizi zangu hutoka damu kwa urahisi, na mchubuko ni mlango.

Boksi likiisha na kondomu ipo, hujakwama. Ikunjue, kata ncha na ile pete ya chini, kisha pasua ubavuni kutoka juu hadi chini, unapata kipande cha mstatili. Chagua isiyo na dawa ya kuua mbegu, kwa sababu dawa hiyo inawasha na ladha yake ni mbaya. Nimefanya hivyo mara mbili, kikawa kidogo kuliko nilivyopenda lakini kikatufaa. Mwenye mzio wa mpira atafute utando wa poliyurethani, aina ya plastiki laini.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa sababu ya karatasi ya maelezo ndani ya boksi: imeandikwa kwa herufi ndogo mno, haisemi neno kuhusu mafuta wala kuhusu kutougeuza utando. Mambo hayo mawili ndiyo niliyohitaji kuambiwa usiku ule wa kwanza.