Rimu za Volkswagen ya turubai: ipi ununue, ipi uache

Gari langu nililikuta chini ya mwembe, Isevya hapa Tabora. Tairi zote zimelala, kuku wanataga kiti cha nyuma, na turubai limebaki nyuzi. Ni Volkswagen mgongo wa chura, ila ile isiyo na bati juu. Tangu nilivute hadi nyumbani, kila anayepita anauliza, "Kaka, utaipiga rimu gani?" Sakafu hakuna anayeiulizia.

Anza na sakafu. Gari hizi zilitengenezwa na Karmann, Osnabrück, Ujerumani, kuanzia 1949 hadi 1980, na kwa kuwa hazina paa la chuma la kuzishika, ziliongezewa nguvu chini ya milango. Pale kutu ikishakula, gari linakunjika katikati. Funga mlango, piga jeki upande mmoja, kisha utazame mwanya kati ya mlango na nguzo. Ukiona unabana au unafunguka, pesa ya rimu mpe fundi wa kuchomelea.

Bodi ikiwa nzima, hesabu matundu ya bolti. Za zamani zina matano, na duara linalopita katikati yake lina kipenyo cha milimita 205. Manne yalianza kuingia mwishoni mwa miaka ya 1960, kipenyo milimita 130, lakini si gari zote zilibadilishwa kwa mpigo. Mwaka kwenye kadi usiuamini, chungulia magurudumu yote. Ya manne unapima tundu hadi tundu la mkabala. Ya matano hayana mkabala, kwa hiyo pima katikati ya tundu hadi katikati ya jirani yake, zidisha kwa 1.701. Tundu hadi jirani ikiwa 120 na nusu hivi, ndiyo 205 hiyo.

Ya kwanza: rimu zake zenyewe

Hata kama zimeota kutu. Zungusha gurudumu likiwa juu ya jeki, bisibisi ikiwa karibu na ukingo bila kugusa. Mwanya ukichezacheza, rimu imepinda, na chuma kinanyooshwa. Kinachoiua rimu ni ufa kwenye matundu ya bolti, au kutu iliyochimba pale tairi linapokalia. Ufa usichomelewe, rimu hiyo iende kwa wanunua vyuma chakavu.

Kwenye rangi ndipo nilipoumia. Fundi alinipulizia tabaka nene kila mahali, hadi zinapokalia bolti. Zikang'aa kweli. Wiki ya pili nasikia gurudumu la mbele linagonga: rangi ilikuwa imesagika na bolti zimelegea. Sehemu hizo ziachwe na rangi nyembamba tu, na bolti zikazwe tena baada ya kilomita kama 100.

Kasoro yake ni tairi. Rimu hizi nyembamba zinataka tairi la 165/80R15 (upana milimita 165, rimu ya inchi 15), na madukani tairi la inchi 15 unaloliona kila siku ni 195/65, pana mno kwake. Agiza Dar, na kabla hujalipa omba picha ya namba nne za mwisho za DOT, ile alama ya ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi la zamani lenye kashata nzima ni mtego.

Ya pili: za mtumba kutoka mgongo wa chura mwingine

Za gari la bati zinaingia bila shida, mradi matundu yalingane. Ukaguzi ni uleule.

Ya tatu: aloi mpya (rimu za alumini)

Zipo za matundu manne ya 130 na matano ya 205. Ukipata ya upana wa inchi 5.5, lile tairi la 195/65 linakaa, na hapo ndipo aloi inapojitetea. Kata usukani hadi mwisho pande zote uone kama tairi haligusi madgadi. Ila kama safari zako ni za vumbi na mashimo, kumbuka aloi huwa inapasuka pale ambapo chuma kingepinda tu. Ya mjini, sawa.

Ya mwisho: za Toyota

"Hiyo ni kutoboa tu," utaambiwa. Matundu ya duara la milimita 100 au 114.3 hayageuki 130 kwa drili bila kuidhoofisha rimu. Sitasema zaidi.

Nunua tano, si nne. Kwenye modeli nyingi, maji ya kuoshea kioo cha mbele yanasukumwa na upepo wa tairi la spea lililoko buti la mbele. Spea ikiisha upepo, kioo hakioshwi. Na msimu wa embe ukianza, lisogeze gari mbali na mwembe kabla hujaweka turubai jipya.