Ofisi ya ushauri wa kozi Wandegeya: weiti (pointi za kuingilia chuo) wanakokotoa vizuri, kupanga digrii ya umeme bado kabisa

Kila matokeo ya A-level yakitoka hizi ofisi za ushauri wa kozi zinaota Wandegeya na Kikoni, hapa Kampala jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, kama uyoga, na watu wananiuliza kama inafaa kulipa. Basi wacha niseme ya hii moja niliyompeleka mpwa wangu, jina silitaji, iko juu ya duka la fotokopi, ngazi nyembamba hizo mkikutana na mtu lazima mmoja arudi chini. Bei elfu 70 mpaka mwisho, na hiyo ni pamoja na printi. Binti kamaliza Sinia 6 na PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu), kakaza uhandisi wa umeme hasikii la mtu. Mi mwenyewe nafunga sola, nina diploma, kwa hiyo hata nikidanganywa si kirahisi sana.

Nianze na kizuri. Mahesabu ya weiti wanayajua, ila mpate mtu sahihi. Tulianza na kijana wa mapokezi, akaingiza matokeo kwa kompyuta, Hesabu A, Fizikia C, Kemia B, jeneral pepa na ICT, yale masomo madogo ya pointi 1 moja, kapasi zote, akabofya akatuambia 47, hongereni. Binti akafurahi mpaka akaanza kumpigia mama yake. Nikamwambia ssebo (bwana) hebu nionyeshe hiyo 47 umeitoa wapi. Kumbe na Kemia kaizidisha mara 3! Kwa umeme pale Makerere yanayobeba mara 3 ni Hesabu na Fizikia, Kemia inaingia kama somo la tatu, mara 2. Sasa piga mwenyewe, A ni 6 mara 3 unapata 18, C ni 4 mara 3 unapata 12, B ni 5 mara 2 unapata 10, jumla 40, weka jeneral pepa 1 na ICT 1, ni 42. Kutoka 47 mpaka 42 hapo ni mtu kuingia au kubaki nje jamani, si mchezo.

Ndo akatoka madam mwenye ofisi, mama wa makamo hivi, miwani kwenye kamba. Hakubisha, alikaa chini akakokotoa upya kwa peni kwenye karatasi kila mtu akiona, akaongeza ile 1.5 ya wasichana ambayo vyuo vya serikali vinatoa tangu 1990 na kijana aliisahau kabisa, ikawa 43.5, halafu akamalizia vile vipointi vya O-level vya 0.3 kwa kila distinkshen. Akaweka pembeni pointi za mwisho za miaka iliyopita, yaani za chini kabisa zilizoingiza mtu, akasema hapa kwa ufadhili wa serikali msilale mkiota, kwa private, yaani kujilipia, jaribuni, na msijaze Makerere peke yake, wekeni Kyambogo na wekeni Busitema. Ukweli mtupu bila sukari. Binti alinuna, mi nikampenda huyo mama hapohapo.

Na kitu kingine alichofanya vizuri, alimweleza kwamba kule CEDAT, koleji ya uhandisi ya Makerere, idara ni moja lakini digrii ni tofauti, kuna ya umeme, kuna ya telekomu, kuna ya kompyuta, wengi wanajaza tu ya kwanza kwa sababu jina wanalijua. Pia alituambia tuangalie kama programu ina ithibati ya NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, na haijaisha muda, hasa kwa vyuo vya binafsi. Hiyo peke yake watu wangejua wangeokoa pesa nyingi.

Sasa kasheshe. Bango la nje limeandika watakupangia digrii yako yote miaka 4. Hiyo sehemu waliyotupa ni karatasi tatu za printi, nafikiri anapewa kila mtu, awe wa umeme awe wa nesi, "jipange, soma kwa bidii, tafuta marafiki wazuri". Kweli? Elfu 70? Nikauliza, huyu mwaka wa kwanza somo gani likimshinda litamkwamisha wapi? Kimya. Kijana anaangalia simu.

Na kwa umeme hapo ndo penyewe. Hesabu za mwaka wa kwanza haziko pale kupamba. Namba changamano usipozishika, saketi za AC zitakupita maana kule kila kitu ni fezi na pembe, ekwesheni za difrensho usipozielewa ukafika kwenye Laplace, ile njia ya kuzirahisisha, unakuwa unakariri tu, na bila Laplace ile kontrol (somo la kudhibiti mitambo) ya mwaka wa tatu utaiona kama Kichina. Sigino (somo la mawimbi ya mawasiliano) ni hivyohivyo, bila hesabu za Fourier huendi. Kwa hiyo mtu akipata riteki (kurudia somo) ya hesabu semesta ya kwanza halioni tatizo leo, analiona baadaye, akiwa anabeba masomo mapya na deni la zamani kwa wakati mmoja, na GPA, ambayo mwisho wake ni 5, inashuka polepole wakati fesklasi inataka 4.40. Mtu anayepanga digrii anaanzia hapo, anakuchorea lipi linabeba lipi. Nilitegemea angalau wangemuuliza hiyo C ya Fizikia ilitoka wapi, ni umeme na sumaku au ni mekaniksi? Hakuna aliyeuliza. Baadaye nilimuuliza mi tukila rolex (chapati na mayai) pale chini, akasema "anko, ni praktiko, shuleni voltmita ilikuwa moja tunapangia foleni." Ona sasa, hilo linatibika, mita ya bei nafuu na mwalimu kidogo kabla semesta haijaanza.

Upande wa kazi ndo walinichekesha. Kipeperushi chao kimeandika ukimaliza utaajiriwa Umeme, ile kampuni binafsi iliyokuwa ikisambaza umeme. Umeme gani? Mkataba wake uliisha Machi 2025, kusambaza sasa ni UEDCL, kampuni ya serikali. Picha ya bwawa ni Nalubaale ile ya 1954, hawajui kwamba Karuma ya megawati 600 imeshazinduliwa. Sola hakuna hata mstari, magari ya umeme ya Kiira, yenye kiwanda Jinja, hakuna, na Jinja si mbali. Hawakusema pia kwamba ukitoka na digrii bado hujawa injinia wa kusajiliwa, kuna bodi ya kusajili wahandisi, ERB, inataka uwe umefanya kazi kwanza, na kufunga waya nyumba za watu kuna leseni yake ya ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme. Madam nilipomtajia aliandika kwa daftari lake, huo ni uungwana.

Nyota 3 kati ya 5, na hizo 3 zote ni za madam. Kama unataka tu kujua pointi zako kwa umeme zinatosha au la, nenda, utatoka na jibu la kweli. Kama unataka kupangiwa miaka 4, hiyo hela mpe mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale pale Kikoni, mnunulie na soda, atakueleza lekcha gani haikosi na internship unaanza kutafuta lini.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla ya saa nne, mchana madam anatoka na mnabaki na yule kijana. Bebeni slipu yenu ya matokeo, fotokopi chini wanawapiga bei mara mbili wakijua mnapanda juu. Risiti ombeni wenyewe, hawatoi bila kuulizwa.