Rekoda ya mfukoni: Zoom H1n, Sony PX470 na pangaboi la bibi

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Leo mezani nina simu yangu, nina Sony ICD-PX470, nina Zoom H1n, nina kanga moja iliyokunjwa, na kipande cha manyoya ambacho mpwa wangu bado anakidai. Manyoya tutayafikia.

Swali mnaloniuliza kila siku ni hili: rekoda ya nini, na simu ninayo? Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka siku niliyokwenda shamba kumrekodi bibi anisimulie alivyoposwa. Simu nikailaza kifudifudi mkekani, mwanga usimsumbue. Kufika dakika ya kumi na mbili, kaka yangu akanipigia kuuliza funguo za geti ziko wapi. Sikuiona hiyo simu, nilikuwa nimezima mlio. Programu ya kurekodi ikasimama pale pale, na bibi akaendelea kusimulia kwa saa nzima: barua ya posa, mshenga aliyenyeshewa njiani, ugomvi wa mahari, yote. Nimerudi nyumbani na dakika kumi na mbili. Nilipomwomba arudie, alirudia, hakunikatalia. Kwa dakika tano, kama mtu anayesoma orodha ya duka.

Haya, mtasema ungeiweka simu katika hali ya ndege. Kweli, na kama simu ndiyo uliyonayo, fanya hivyo leo. Lakini kuna jambo la pili. Simu nyingi zina tabia ya kukusaidia bila kuombwa. Mtu akinyamaza, simu inaona kimya, inaipandisha sauti yenyewe, na pangaboi la dari linakuja juu kama helikopta. Mtu akiongea, inalishusha. Unasikiliza baadaye unahisi chumba kinapumua. Zile pause za mzee anayefikiri, ambazo mimi ndizo nazitaka, zimejaa pangaboi.

Tuanze na Sony, maana huyu maneno yake ni machache. Ni kitu chembamba, kinakaa mfuko wa shati. Ndani yake kuna gigabaiti 4, na ukitaka zaidi unaingiza memori kadi ndogo. Anatumia betri mbili za AAA, zile za rimoti, kwa hiyo hata dukani kwa jirani utazipata. Na nyuma ana kitu ninachokipenda sana: unasukuma kidole hapa, plagi ya USB inatoka mwilini mwake, unamchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Hakuna waya wa kusahau nyumbani. Wanafunzi wa chuo, mwandishi wa habari anayekimbizana na wakubwa koridoni, katibu wa kikao cha kijiji: chukueni huyu, msisikilize mtu. Sauti yake ni ya kueleweka, si ya kupendeza. Neno utalisikia. Hewa ya chumba, kicheko cha mbali, koo la mtu, hivyo vinakuja vimesinyaa kidogo.

Sasa Zoom. Ilitoka mwaka 2018, na ingawa kampuni imeshatoa ndugu yake mpya, hii bado iko mikononi mwa watu wengi. Hapa juu, ndani ya hiki kizimba, kuna maiki mbili zimepishana kama mkasi. Moja inatazama kushoto, nyingine kulia, ndiyo maana ukivaa hedifoni unajua bibi alikaa upande gani na kuku alipita upande gani. Mbele kuna gurudumu la kupunguza na kuongeza sauti inayoingia, limepewa namba sifuri mpaka kumi. Unalizungusha kwa kidole gumba, huingii menyu yoyote. Na kitufe chekundu ukikibonyeza mara moja, inarekodi.

Msidharau hilo la mara moja. Kuna rekoda ambazo bonyezo la kwanza linaiweka tayari tu, taa inamemeta, mpaka ubonyeze tena ndipo inaanza. Niliwahi kuazima moja ya hivyo kwa rafiki. Taa inamemeta, mimi nimetulia, namwambia mzee endelea babu. Tangu siku hiyo siangalii taa, naangalia sekunde. Sekunde zikihesabu, inarekodi. Zisipohesabu, hata taa iwe nyekundu kama pilipili, hakuna kitu.

Aibu ya Zoom ni mwili wake. Ni plastiki tupu, ukiishika mkononi kila kidole kinasikika, krrr, krrr, kama panya darini. Hii haishikwi. Nyuma ina tundu la skrubu la kukaa kwenye stendi ya kamera, tumia hilo. Huna stendi, ndipo kanga inapoingia: ikunje mara nne, weka rekoda juu yake. Ukiiweka juu ya meza tupu, kikombe cha chai kikitua tu, kwenye rekodi unasikia mlango umepigwa teke.

Nayo inatumia AAA mbili, kama saa kumi hivi kwa betri nzuri za alkalaini. Zile betri za bei ya chini kabisa zinazouzwa barabarani msitegemee saa kumi. Mimi hubeba jozi mbili mpya kila safari na hata zikibaki nusu nazitoa kabla ya kikao kinachofuata, nampa mpwa wangu atie kwenye gari lake. Ndiyo fidia ya manyoya.

Kwenye mipangilio watu wanapotea sana, na jambo lenyewe ni dogo. Mafaili ya sauti ni ya aina mbili: kuna WAV, inayohifadhi sauti yote, na kuna MP3, inayotupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. WAV ya ubora wa CD, yaani kilohezi 44.1 na biti 16, inakula kama megabaiti 635 kwa saa. MP3 ya kilobiti 128 inakula kama 58. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote inayokubaliwa na hii H1n, inakupa saa hamsini hivi za WAV. Saa hamsini! Nani ana saa hamsini za mazungumzo? Rekodi WAV. MP3 utaitengeneza baadaye kwa ajili ya kutuma WhatsApp, lakini ukianza na MP3, kilichotupwa kimetupwa. Mkutano wa kuandikia muhtasari tu, sawa, MP3 inatosha. Na kadi inunueni kwa mtu mtakayemrudia akiwatapeli. Kuna kadi zimeandikwa 64 na ndani ni 8. Zinapokea mafaili kwa furaha, kuyafungua ndiyo hayafunguki. Ukinunua, ijaze yote nyumbani kwanza, kisha fungua faili la mwisho.

Kiwango cha sauti: mwambie mtu aongee kama atakavyoongea, halafu zungusha gurudumu mpaka mita, yaani kipimo cha sauti kwenye skrini, iwe inagusa hapa kwenye desibeli -12, anapopaza. Usiipeleke karibu na sifuri kwa sababu ya kutaka sauti kubwa. Ikigonga sifuri sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haina dawa. Ile ndogo utaikuza baadaye kwenye kompyuta. Wazee wetu huanza taratibu, kisha akifika penye kituko anapiga paja na kucheka. Acha nafasi ya kicheko.

Na huyo ndugu mpya, H1essential ya mwaka 2024, hana gurudumu hili kabisa. Anarekodi kwa biti 32 za floti, maana yake faili lina nafasi pana kiasi kwamba kunong'ona na kupiga kelele vyote vinaingia, unapanga ukubwa baadaye. Pia anaweza kukusomea menyu kwa sauti, jambo ambalo kwa asiyeona ni kubwa. Lakini nimeshawasikia watu wakidhani anafuta kelele. Hafuti. Pangaboi linaingia kwa biti 32 zake zote.

Tumefika kwenye pangaboi sasa, na hapa ndipo pesa yenu inapopotea au kupona. Rekoda ya bei yoyote ukiiweka mbali na mdomo ni bure. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti ya msemaji inapungua desibeli 6. Pangaboi halipungui, lenyewe liko pale pale darini. Kwa hiyo sogea. Shibiri moja, mbili zikizidi sana, na usiielekeze mdomoni moja kwa moja, iweke kando kidogo ya kidevu, zile "p" na "b" zipite pembeni. Halafu omba ruhusa pangaboi lizimwe. Joto ni la nusu saa. Friji pia, ila weka funguo zako za nyumba juu ya friji, ili usiondoke bila kuiwasha. Samaki wa watu wakiharibika hutarekodi tena nyumba ile.

Kunguru siwezi kukusaidia. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na hawana mpango wa kuondoka. Rekodi baada ya isha.

Upepo ndiyo kazi ya manyoya. Msimu wa kusi ukikaa barazani, hata upepo usiousikia shavuni, maiki hizi zinausikia, gbrrr. Sponji inasaidia kidogo ndani ya nyumba, nje haitoshi. Manyoya marefu yanauvunja upepo kabla haujafika kwenye maiki. Yangu yametoka mgongoni kwa dubu wa kuchezea wa mpwa wangu, nikashona kama kofia. Kwenye Zoom kuna kitufe cha LO CUT, kinachopunguza mngurumo wa chini. Kitumie kwa mazungumzo. Ukirekodi ngoma kizime, utaondoa ngoma yenyewe.

Yote haya utayajua ukivaa hedifoni wakati unarekodi. Rekoda zote mbili zina tundu lake. Sijui kwa nini watu wanaona haya. Wazee wakiiona hedifoni wanajua kazi imeanza. Mimi humvalisha yeye kwanza asikie sauti yake. Bibi alivua akasema, "Kumbe mimi nna sauti ya kiume," kisha akakubali turekodi. Maana ruhusa nayo iombwe, na iombwe tena rekoda ikiwa inahesabu: jina lake, mahali, tarehe, na kwamba amekubali. Tarehe itamkwe kwa mdomo, kwani saa ya rekoda ikikaa bila betri inaweza kurudi mwanzo, na faili lako litajidai limezaliwa mwaka mwingine.

Bei: Zoom mara nyingi ni karibu mara mbili ya Sony. Unaandika, nunua Sony. Unarusha redioni, unatengeneza podikasti, unahifadhi sauti za watu ambao hutawapata tena, jikaze ufike kwenye Zoom. Huna cha kutumia sasa hivi, hali ya ndege, shibiri moja, zima pangaboi.

Sasa nawawekea bibi mara tatu, aliporudia habari ya mshenga yule yule aliyenyeshewa: kwanza simu, kisha Sony, kisha Zoom. Vaeni hedifoni. Hiyo pumzi ya tatu, kabla hajasema "basi", kwenye simu haipo.